Nilijifunza kufungua kufuli bila ufunguo, nyumba nzima ikaniona mwizi!

Kama hujawahi kufungiwa nje ya chumba chako mwenyewe huku kitanda unakiona kupitia dirishani, basi wewe machungu ya kupanga huyajui. Mimi nimeyaonja. Ilikuwa Jumamosi, saa sita kasoro usiku, natoka kwenye kitchen party ya shoga yangu kule Tabata. Gauni la kuazima, viatu vya kuazima, miguu inawaka moto. Nafika nyumbani Magomeni, naingiza mkono kwenye pochi, funguo hakuna!

Nikaimwaga pochi yote barazani. Lipstiki, kioo, chaji ya simu, karanga za juzi. Funguo hamna. (Kesho yake nilikuja kuambiwa ziko juu ya friji ya watu huko huko Tabata, lakini usiku ule nani ajue?)

Jirani yangu wa chumba cha mbele, ambaye halali mpaka ajue nani kaingia na nani katoka, akachungulia. "Dada, hapo ni nyundo tu," akasema. Nyundo! Kufuli nimelinunua kwa hela yangu, na mlango ni wa mama mwenye nyumba, ambaye hata ukigonga msumari wa kutundikia kalenda anakupandishia kodi. Nikasema hapana. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akakumbuka kuna mzee anaitwa Babu Funguo, ana kimeza chake jirani na kituo cha daladala, anachonga funguo mchana, na usiku ukimwamsha kwa adabu anakuja.

Akaja na kikoi chake na fulana, usingizi bado machoni. Akachuchumaa mlangoni, akatoa vichuma viwili kwenye kitambaa, akaniambia nimmulikie na simu. Nikaanza kuhesabu moyoni. Moja, mbili, tatu... nilipofika ishirini na sita kufuli likasema "ta!" likafunguka lenyewe kama vile limemwona mwenye mali.

"Elfu kumi," akasema.

"Babu! Elfu kumi kwa kitu cha nusu dakika?"

Mzee wala hakubisha. Akalishika kufuli na kutaka kulibana tena. "Basi nilifunge, hiyo ya kufunga ni bure."

Nikalipa fasta.

Sasa mpenzi msomaji, hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nikajilaza naangalia dari. Televisheni yangu, nguo zangu, vihela vyangu vya kikoba, vyote nimevikabidhi kwa kile kitu cha shaba kinachong'aa, halafu mzee mwenye usingizi anakifungua kwa sekunde ishirini na sita? Nikajiuliza kuna kitu gani mle ndani. Nilisoma mpaka Form Four, fizikia nikapata F tena F ya haki kabisa, na tangu hapo sikuwahi kutamani kujua chuma kinafanyaje kazi. Usiku ule nikatamani.

"UNATAKA KUOLEWA AU KUFUNGWA?"

Jumatatu nikamfuata mezani kwake. Shikamoo Babu, marahaba binti, umezipoteza tena? Nikamwambia hapana, nataka unifundishe. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe binti unataka kuolewa au unataka kufungwa?"

Nikamjibu mimi mwandishi wa magazeti, kuolewa bado na kufungwa sitaki, nataka kujua tu. Kwa siku tatu alinikataa. Siku ya nne nilikwenda na chapati na maharage, nikakaa kwenye kigoda bila kuongea, nikawa namwangalia anavyochonga. Mwishoni akachoka. Akanirushia kufuli moja kuukuu lisilo na ufunguo, akanipa masharti.

La kwanza, usiguse kufuli ambalo si lako. La pili, hata likiwa lako, kama linafunga mlango unaoutegemea usiliguse, maana ukikwama au pini ikipinda ndani utalala nje na utanitafuta. La tatu, kabla hujaanza, kamwambie mwenye nyumba wako na mjumbe wa mtaa kwamba unajifunza kazi hii kwangu. "Watu wasije wakagundua. Waambiwe," akasema.

Mawili ya kwanza niliyashika. La tatu nikaliona la kizee. Nani aende kumwambia mama mwenye nyumba kwamba mpangaji wake anajifunza kufungua milango bila funguo? Nikalimezea. Subirini mtaona.

Akanieleza na habari ya sheria, maana mzee kumbe anaijua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimwonei huruma mtu anayekutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba halafu hana sababu halali ya kuwa navyo. Na sababu hiyo utaitoa wewe, siyo askari. Kwa hiyo vichuma vya mwanafunzi vinakaa nyumbani kwenye kopo. Havitembei kwenye pochi kwenda navyo disko.

KONDA MLANGONI

Sasa nikwambie mle ndani kuna nini, kwa maneno aliyonieleza mzee, maana ya kitabuni yalinishinda.

Kwenye kufuli la kawaida la shaba kuna kigogo cha mviringo kinachozunguka, ndicho unachokichomeka ufunguo. Kigogo hicho kimelala ndani ya nyumba yake. Juu yake kumetobolewa matundu manne au matano yaliyojipanga mstari, na matundu hayo hayo yanaendelea mpaka kwenye ile nyumba. Kila tundu lina pini mbili zimebebana, moja juu ya mwenzie, na springi inazisukuma chini. Ile pini ya juu inakaa nusu kwenye kigogo nusu kwenye nyumba.

"Ni konda huyo," akasema Babu Funguo. "Kasimama mlangoni mwa daladala, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Utafunga mlango?"

Hufungi. Na kigogo hakizunguki. Ufunguo wako, yale meno yake unayoyaona yana mabonde na vilima, kila jino linapima urefu wa pini yake. Ukiuingiza, pini zote zinanyanyuka mpaka pale zinapogusana pini ya juu na ya chini panakuwa sawasawa na ukingo wa kigogo. Makonda wote wameshuka. Kigogo kinageuka, kufuli linafunguka.

Mpaka hapo ni akili ya kawaida. Utamu uko hapa. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutoboa matundu matano kwenye mstari mmoja ulionyooka asilimia mia. Moja litakwenda kando kidogo, upana mdogo kuliko unywele. Kwa hiyo ukikikaza kigogo polepole kwa kichuma cha kwanza, kana kwamba unataka kukizungusha, pini zote hazibanwi kwa pamoja. Inabanwa moja. Kichuma cha pili kinapita chini yake kinazigusa moja moja: hii inacheza, hii inacheza, hii ngumu. Hiyo ngumu ndiyo unayoisukuma juu taratibu. Ikifika mahali pake unasikia "tiki" ndogo sana, kigogo kinajisogeza hatua ya sisimizi, na zamu ya kubanwa inahamia kwa pini nyingine. Unaitafuta na hiyo.

Kusimulia rahisi eh? Basi jaribu. Siku tisa, msomaji. Siku tisa nilikaa kitandani na lile kufuli mapajani kama namlea mtoto. Kosa langu lilikuwa moja, nguvu. Nilikuwa nakaza kama nafungua kopo la Nido. Ukikaza sana pini zote zinagoma, hakuna "tiki" wala nini, vidole vinakufa ganzi tu. Mzee akanichapa kofi la mkono, siyo la kuumiza. "Kaza kama unagusa shavu la mtoto aliyelala. Ukimwamsha umeharibu."

Vifaa vyenyewe usidhani vya ajabu. Vya mzee amevichonga mwenyewe kutoka kwenye wembe wa msumeno wa chuma na njiti za mwavuli. Cha kukazia kinatoka kwenye kile kibati chembamba cha ndani ya waipa ya gari, unakikunja pembe. Kibanio cha nywele cha kwenye sinema nilikijaribu kwa sababu nilikuwa nacho kichwani. Kilipinda mara moja kama tambi.

Siku ya tisa, Jumanne, umeme umekatika, niko gizani. Nadhani giza ndilo lililonisaidia, maana niliacha kukodolea macho kitu ambacho hakionekani. Tiki. Tiki. Nikapumua. Tiki. Halafu mkono wa kushoto ukajikuta unakwenda wenyewe, kigogo kinazunguka, chuma kinaruka. Nikapiga ukelele mpaka jirani wa mbele akauliza kama nimeona nyoka.

Nikalifunga tena. Kulifungua mara ya pili kulinichukua saa nzima. Ndivyo yalivyo.

MPAKA WAFALME

Ikabidi nisome. Kumbe ugonjwa huu wameugua wakubwa. Wamisri wa kale, kabla ya Kristo, walikuwa na makufuli makubwa ya mbao yenye vijiti vinavyodondoka kwenye matundu, na ufunguo wake ni mti wenye meno unaovinyanyua vile vijiti. Wazo ni lile lile la konda mlangoni. Aliyelirudisha kwa chuma kidogo cha kutia mfukoni ni Mmarekani Linus Yale, yule mtoto maana na baba yake aliitwa hivyo hivyo na alikuwa fundi vilevile. Mtoto alijipatia hatimiliki zake mwaka 1861 na 1865, na ufunguo bapa ulio kwenye pochi yako leo ni mjukuu wa ule wake.

Mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, alikuwa na karakana ya makufuli kwenye kasri lake, akishika tupa na nyundo kama fundi wa Gerezani. Akawa na mwalimu wake, fundi aitwaye Gamain. Mapinduzi yalipochachamaa, mfalme akamtumia huyo huyo fundi kutengeneza kabati la chuma la siri ukutani, akaficha nyaraka zake. Novemba 1792 fundi akaenda kwa waziri akasema kila kitu. Kabati likafunguliwa, nyaraka zikasomwa, na Januari 21, 1793 mfalme akakatwa kichwa. Mafundi funguo wanajua mambo ya watu, usiwapunje hela zao.

Lakini aliyenikosha roho ni Mmarekani mwingine, Alfred Hobbs. London kulikuwa na duka la fundi Bramah, limeweka kufuli dirishani miaka na miaka na kibao chake: atakayelifungua bila ufunguo atapata gini 200. Mwaka 1851, wakati wa yale maonyesho makubwa ya London, Hobbs akatokea. Kwanza akalifungua kufuli lingine maarufu la Chubb, ambalo Waingereza walikuwa wanatamba nalo, kwa dakika kama 25. Halafu akaenda kwa Bramah. Hilo lilimchukua saa 51, amezigawa kwa siku 16! Mimi na siku zangu tisa kwa kufuli la sokoni nikajiona siko mbali sana. Waingereza walinuna, lakini baada ya hapo watengeneza makufuli wakaamka usingizini.

Siku hizi Wazungu wameufanya mchezo kama bao. Ujerumani wana chama chao tangu 1997, Uholanzi nao wanacho, wanakutana wanashindana nani atafungua haraka. Na kanuni zao ni mbili: usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa, na usichezee kufuli linalotumika. Nilipomsomea Babu Funguo akasonya. "Wameniibia."

IJUMAA ILE

Haya. Turudi kwenye sharti la tatu.

Mimi na ushamba wangu, baada ya kufungua makufuli mawili matatu, nikaanza kutamba. Jioni barazani watoto wa nyumba wamenizunguka, mimi nafungua, wao wanapiga makofi, wananiita Dada Funguo. Mama wa chumba cha tano alikuwa anapita na ndoo yake ya maji, akaangalia, akasema "Mh!" Hiyo "mh" ningeisikiliza vizuri ningeacha siku ile ile.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, narudi kutoka kupeleka makala yangu gazetini. Nakuta watu wamejaa uani. Chumba cha tano kimeibiwa. Sabufa hakuna, mtungi wa gesi hakuna, na shilingi 180,000 za kikoba zilizokuwa chini ya godoro hakuna. Nikasogea nikasema poleni. Hakuna aliyejibu. Wote waligeuka wakanitazama mikono.

"Vile vichuma vyako viko wapi?" Mama mwenye nyumba huyo.

"Chumbani, mama."

"Ulivitoa leo?"

Msomaji, wewe ni mtoto wa mjini, unajua neno "mwizi" linavyofanya kazi katika jiji hili. Haliulizi. Likishatamkwa kwa sauti barabarani, wanakuja watu ambao hata hawajui kimeibiwa nini, na kila mmoja ana jiwe. Nilishawahi kuona kwa macho yangu, na sitaki kusimulia. Pale uani hakuna aliyelitamka. Lakini nililiona liko mdomoni mwa yule kaka wa chumba cha mbele, linamcheza kwenye ulimi, na geti la nje lilikuwa wazi. Miguu ikaanza kutetemeka. Nikasema kitu kimoja tu, "Mwiteni Babu Funguo na mjumbe."

Walikuja wote wawili, na zile dakika ishirini za kuwasubiri zilikuwa ndefu kuliko siku 16 za Hobbs.

Babu Funguo hakunisalimia wala hakuniangalia. Akamwomba mjumbe ruhusa, akaenda mlangoni kwa mama wa chumba cha tano, akainama akaokota kitu sakafuni. Lilikuwa lile kufuli lao. Akalinyanyua juu kila mtu alione.

"Limefungwa," akasema. "Bado limefungwa."

Na kweli lilikuwa limefungwa, linaning'inia kwenye komeo lake, na komeo lenyewe limeng'oka na skrubu zake nne, na vipande vya mbao vimekuja navyo. Kwenye fremu kulikuwa na kidonda cha mtaimbo. Mzee akazichukua zile skrubu kiganjani, fupi kama meno ya mtoto, akazipitisha kwa mjumbe. Akasema anayejua kufungua hana haja ya kung'oa, na anayeng'oa ni kwa sababu hajui kufungua. Alisema ameshika kazi hii tangu ujana na nyumba zilizovunjwa alizoitwa kutengeneza zote zimevunjwa kwa mtaimbo, kwa mkasi wa vyuma au kwa dirisha. Mwizi ana haraka, hawezi kukaa siku tisa gizani anatafuta "tiki".

"Labda alijifanya," akasema kaka wa chumba cha mbele.

"Saa ngapi?" mjumbe akauliza. Ikajulikana mama alitoka saa nne asubuhi akarudi saa saba. Muda huo mimi nilikuwa gazetini, na karani wa mapokezi alithibitisha kwenye simu mbele ya watu wote, sauti juu. Ndipo watu wakaanza kukumbuka kwamba wenye magari ya kununua vyuma chakavu walipita asubuhi. Kila mtu aliwaona, hakuna aliyesema mapema.

Mjumbe akaandika kwenye daftari lake, mama akaenda kituoni kuripoti. Vitu mpaka leo havijapatikana. Babu Funguo aliponipita kutoka nje ndipo akaniangalia.

"Ulimwambia mwenye nyumba?"

Nikainamisha kichwa.

"Nilijua," akasema, akaondoka zake.

Mama mwenye nyumba alinipa la kuchagua: vichuma vitoke, au nitoke mimi navyo. Sikumlaumu, ningekuwa na nyumba ya wapangaji sita ningesema hivyo hivyo. Siku hizi vinakaa kwenye droo ya Babu Funguo, na kila Jumamosi asubuhi naenda kukaa kwenye kile kigoda. Sasa nahangaika na kufuli moja ambalo pini zake zimechongwa kiuno katikati, unadhani umeshinda kumbe limekudanganya, linageuka kidogo halafu linagoma. Hilo nina mwezi nalo.

Wapangaji wenzangu wote walikwenda Kariakoo wakanunua makufuli mapya, makubwa kama maandazi. Wameyafunga kwenye makomeo yale yale, kwa skrubu zile zile fupi. Niliwaambia watie bolti ipenye mpaka upande wa pili na ifungwe nati kwa ndani. Kaka wa chumba cha mbele akauliza nimejuaje. Nikanyamaza.

Mama wa chumba cha tano hakunisalimia kwa mwezi mzima. Halafu wiki iliyopita, saa tano usiku, nikasikia hodi.

"Mdogo wangu, umelala?"

Nikafungua. Kasimama pale na kapu la sokoni, kanga imelowa jasho. Funguo kaziacha kwa dada yake Mbagala, kufuli jipya limebana, watoto wanalia usingizi ukumbini.

"Dada yangu," nikamwambia, "kufuli linalotumika mimi siligusi. Na vichuma havipo, viko kwa Babu Funguo."

"Sasa yeye anachukua shilingi ngapi?"

"Elfu kumi."

"Elfu kumi! Kwa kazi ya nusu dakika?"

Nikawaingiza watoto chumbani kwangu wakalala, nikampigia simu kijana wa bodaboda.